Jani Kwanza, Ua Baadaye: Nilivyovitambua Vichaka vya Bustani Niliyoikuta

Nyumba tuliyoinunua ilikuja na bustani ya mbele iliyojaa vichaka, na kati yetu hakuna aliyejua hata kimoja kinaitwaje. Mama aliyevipanda alikuwa ameshafariki. Watoto wake waliotuuzia walikulia hapo, lakini kwao yale yalikuwa maua ya mama, basi. Tulikuwa na orodha ndefu ya mambo ya kurekebisha, bomba, paa, nyaya za umeme, na bustani haikuwemo. Iliingia siku nilipomkuta mwanetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, ameng'ang'ania tawi kwa mkono mmoja na wa pili unapeleka mdomoni kitunda cha manjano.

Hakuwahi kukimeza. Nilimtoa, nikamsafisha mikono na mdomo, nikashinda naye nikimwangalia usoni. Kilichonitisha kuliko vyote ni kufikiria kwamba angekimeza, daktari akaniuliza mtoto kala nini, ningebaki kusema "kitunda cha manjano" na kunyamaza. Tangu hapo kuvijua vichaka vyetu hakukuwa tena habari ya kupendezesha nyumba.

Naandika haya kwa yeyote aliyerithi au kununua bustani iliyopandwa na mtu mwingine. Kazi hii inawezekana bila kusomea mimea. Lakini ina utaratibu wake, na ukiurukia unaweza kuumia, au ukakata kitu ambacho baadaye utakitafuta kwa udi na uvumba.

Karibu kila aliyekuja kutupongeza kwa nyumba alitupa ushauri uleule: ng'oeni vyote, muanze upya. Nilikataa. Mume wangu alikubaliana nami shingo upande, kwa sababu na yeye alimwogopea mtoto. Hoja yangu ilikuwa kwamba kichaka kilichofika kimo cha mtu kimekaa miaka mingi kufika hapo, na kiwanja chetu kina mteremko. Mizizi ile ndiyo inayoshika udongo. Ukiving'oa vyote kwa mkupuo, mvua kubwa ya kwanza itaondoka na udongo wa juu, ule wenye rutuba. Na hoja ya pili ni kwamba huwezi kujua unatupa nini. Tayari tulikuwa tumeshapata hasara ya namna hiyo: mtu aliyelipwa kusafisha kiwanja kabla hatujahamia alikata hadi chini kichaka kilichokuwa kando ya ngazi, kwa sababu tu siku hiyo hakikuwa na maua. Tulikuta kisiki. Kisiki hicho kilikuja kutusumbua sana, nitakieleza huko mbele.

Tukapatana hivi na mume wangu: hakuna kinachokatwa, kinachohamishwa wala kinachotiwa mbolea mpaka kijulikane, lakini mtoto hakanyagi bustanini bila mtu mzima, na tukaweka kizuizi mlangoni. Makubaliano hayo yalituondolea ugomvi mwingi. Ukiwa na mwenzako ndani ya nyumba, malizaneni hili kwanza.

Kabla ya kutafuta jina lolote, chukulia kwamba kila kichaka kina sumu mpaka ujiridhishe vinginevyo. Si woga wa bure. Baadhi ya mimea ya mapambo inayopendwa mno katika nchi zenye joto ndiyo hiyohiyo yenye sumu kali. Oleanda, yenye maua ya waridi, meupe au mekundu, ina sumu kuanzia jani hadi gome, na sumu hiyo huvuruga mapigo ya moyo. Thevetia, yenye maua ya manjano, ina sumu ya aina hiyohiyo, na mbegu zake ndizo za kuogopwa zaidi. Mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, una risini, sumu kali sana, ndani ya mbegu. Brugmansia, ile yenye maua marefu yanayoning'inia na kutazama chini, huvuruga akili na macho. Na duranta ina vishada vya vitunda vya manjano vinavyomwita mtoto kwa rangi yake. Mimea yote hii niliiandika kwenye karatasi pamoja na maelezo ya majani yake, nikaibandika ukutani karibu na namba ya simu ya hospitali. Wewe fanya hivyo siku ya kwanza.

Sumu haiingii kwa mdomo peke yake. Kwenye uzio wetu kulikuwa na mnyaa, na huo ndio mmea pekee ambao kila mtu aliujua. Jamaa aliyekuja kutusaidia kupunguza uzio aliukata kwa panga kama alivyozoea, na utomvu ukamrukia jichoni. Alipiga kelele ambayo sitaisahau. Tulimmwagia maji safi jichoni mfululizo, kwa muda mrefu kuliko alivyotaka mwenyewe, kisha tukamkimbiza hospitali. Alipona, lakini kwa siku kadhaa jicho lile halikuona sawasawa na maumivu hayakumpa usingizi. Matibabu tulilipa sisi, na ilikuwa haki yake. Alikuwa anaujua mnyaa vizuri kuliko sisi wote; alichokosa ni miwani ya kukinga macho. Kwa hiyo kila kichaka kinachotoa maziwa ukikikwanyua, kishike kwa glavu, vaa miwani na mikono mirefu, na usijifute uso kwa mkono uliokuwa kazini.

Jambo lingine ni moto. Matawi yaliyokatwa tulitaka kuyachoma, na jirani mmoja ndiye aliyetuzuia: moshi wa oleanda nao una sumu. Matawi usiyoyajua yarundike pembeni, yasubiri.

Baada ya hapo ndipo tukaanza kazi yenyewe, na ilianza kwa ramani. Nilichora kiwanja kwenye daftari, kila kichaka nikakipa namba, na kila namba nikaifunga kwenye tawi la chini. Unaweza kudhani ni usumbufu usio na maana, mpaka siku utakapofungua picha kwenye simu ukakuta majani ya kijani ukurasa baada ya ukurasa, hujui lipi la kichaka kipi. Andika namba kwa penseli. Wino wa kalamu za kawaida hufutwa na jua, penseli hubaki hata baada ya mvua. Kila kichaka kilipata ukurasa wake, na kwenye kila ukurasa nilijibu maswali yaleyale: majani yamekaaje kwenye tawi, tawi ni la mviringo au la pembe, kinatoa maziwa au hakitoi, jani likifikichwa lina harufu gani, kina miiba, kimetoa ua lini, tunda lini. Kulionja jani haikuwemo kwenye maswali hayo, na isiwemo kwenye yako.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila mwenye bustani alijue mapema. Sisi watu wa kawaida tukitaka kuujua mmea tunalitafuta ua. Ua huja kwa msimu, likadumu siku chache, likaondoka. Jani lipo mwaka mzima, na namna lilivyokaa kwenye tawi haibadiliki ovyo. Chukua tawi moja, tazama pale jani linapoungana nalo. Je, majani yanatoka mawili mawili, moja likikabili lingine? Au yanapishana, moja huku, linalofuata kule juu zaidi? Au yanatoka matatu pamoja kwenye kifundo kimoja? Swali hilo peke yake liligawa bustani yetu mafungu matatu kwa asubuhi moja, na kila fungu likawa na majina machache ya kuchunguza badala ya mamia.

Lakini ili swali hilo likusaidie, lazima ujue jani linaanzia wapi na kuishia wapi. Kichaka namba saba, karibu na dirisha la sebule, kilinihangaisha kwa hilo. Nilihesabu majani madogo yanayong'aa, nikaandika kwamba yanapishana, nikayatafuta, sikupata kitu. Mtaalamu wa mimea niliyekutana naye baadaye alinionyesha kwenye tawi lilelile. "Tafuta jicho, dada," alisema. Pale kikonyo cha jani kinapokutana na tawi, kwenye kwapa lake, huwa kuna jicho dogo, chipukizi la tawi linalosubiri. Nilisogeza lenzi. Kwenye kwapa la vile nilivyoviita majani hapakuwa na kitu. Jicho lilikuwa chini zaidi, kwenye kikonyo kikuu. Maana yake kile kikonyo chote na vijani vyake vyote ni jani moja, lililogawanyika kama unyoya.

Kisha akaniambia nikwanyue kijani kimoja nikielekeze kwenye jua. Ndani yake kulikuwa na nukta nyingi ndogo zinazopitisha mwanga, zimetapakaa jani zima. Nikakifikicha: harufu ya mlimau, hafifu lakini haikosekani. Hizo nukta ni vifuko vya mafuta, na ndiyo alama ya ukoo wa milimau na michungwa. Kwa jani lililogawanyika, nukta za mafuta na harufu ile, hatukuhitaji tena kusubiri ua. Namba saba ilikuwa Murraya paniculata, kichaka cha maua meupe yanayonukia sana, na vitunda vyake vikiiva huwa vyekundu. Maua yalikuja baadaye yakathibitisha, nami niliyapokea kwa furaha kubwa.

Vichaka vya majani mawili mawili navyo vina siri yao. Tazama katikati ya vikonyo viwili vinavyokabiliana, ubavuni mwa tawi. Ukiona kijani kidogo cha pembetatu kimebanana pale, kimeunganisha vikonyo viwili, karibu hakika upo kwenye ukoo wa mbuni, ule wa kahawa. Ni kitu kidogo, unaweza kukifunika kwa ncha ya penseli, na kwenye matawi makuukuu huwa kimekauka na kudondoka. Kitafute karibu na ncha. Kwetu kilitupeleka kwa ixora, na maua yalipochanua yakawa na petali nne juu ya mrija mwembamba mrefu, kishada kizima chekundu, kama vitabu vinavyosema.

Kile cha vitunda vya manjano, kilichonitia hofu siku ile, kilikuwa na majani mawili mawili pia, lakini bila hiyo pembetatu, na matawi yake machanga yalikuwa na pembe nne ukiyazungusha kati ya vidole. Maua yake ya zambarau yalipoanza kuning'inia sikuwa na shaka tena: duranta. Ukoo wake ni mmoja na lantana, ambayo tulikuwa nayo pia upande wa barabarani. Lantana utaitambua hata usiku. Jani lake linakwaruza, likifikichwa linatoa harufu kali, tawi lina pembe na vimiiba, na kwenye kishada kimoja maua ya katikati yana rangi tofauti na ya pembeni kwa sababu yanabadilika rangi kadiri yanavyozeeka.

Sasa niseme kuhusu programu za simu, maana ndizo watu wengi wanazikimbilia. Nilizitumia iNaturalist, iliyoanzia chuo kikuu cha Berkeley mwaka 2008, na Pl@ntNet iliyobuniwa Ufaransa. Zote mbili zilinisaidia na sitaki kuzibeza. Lakini programu inasoma picha, na picha nyingi tunazopiga ni mbaya kwa kazi hii: kichaka kizima kutoka mbali, kijani juu ya kijani. Kichaka kilekile kilinipa jina moja asubuhi na jingine jioni. Mambo yalibadilika nilipoanza kupiga kwa mpango: picha ya umbo zima, picha ya tawi inayoonyesha majani yalivyokaa, jani upande wa juu, jani upande wa chini, ua kwa mbele na kwa ubavuni, tunda, gome. Weka rula au kidole ili ukubwa uonekane. Shikilia karatasi nyeupe nyuma ya tawi. Jina litakalokuja lichukue kama fununu, kisha lipeleleze kwa alama ulizoandika kwenye daftari. Kama programu imesema majani yanapishana na yako yanakabiliana, jina hilo si lako, hata picha zifanane vipi.

Kwenye iNaturalist kuna watu wanaopitia picha na kutoa maoni, na kati yao wamo wanaoijua mimea kwelikweli. Sema ukweli kwamba mmea umepandwa. Programu inakuomba uweke alama hiyo. Utapata macho machache zaidi, kwa sababu wengi hapo wanatafuta mimea ya porini, lakini hutawapotosha watu wanaotumia kumbukumbu hizo. Na jambo ambalo sikuliona likitajwa popote: bustani ya mbele ni anwani yako. Kuna mpangilio wa kuficha mahali halisi picha ilipopigwa. Utumie.

Jina la uongo lina madhara kuliko kukosa jina, na hili nililiona kwa macho yangu. Fundi mmoja wa bustani, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, alitazama vichaka viwili vya majani membamba vilivyosimama pande mbili za njia akasema ni kitu kimoja, rangi tu tofauti, na kwamba havina shida. Vilikuwa oleanda na thevetia, na vyote viwili vina sumu ya moyo. Vilevile havifanani ukivisogelea. Oleanda, Nerium oleander, majani yake hutoka matatu matatu kwenye kifundo, ni magumu, na ukilitazama jani kwa karibu unaona mshipa mmoja mnene katikati na mishipa myembamba sana, mingi, ikienda pembeni sambamba. Thevetia majani yake ni membamba zaidi, yanang'aa, yanazunguka tawi moja moja, na ukilikwanyua yanatoka maziwa meupe. Matunda ndiyo yanayotenganisha kabisa: oleanda hutoa ganda refu jembamba lenye mbegu zenye manyoya, thevetia hutoa tunda nene la kijani lenye pembe, ambalo huwa jeusi likiiva. Sikumgombeza fundi yule. Alisema alichofundishwa. Lakini kama ningeliishia kwenye neno lake, mtoto angechezea tunda lile.

Wazee wa jirani walinifaa kwa namna nyingine. Bibi mmoja aliyekuwa rafiki wa mama mwenye nyumba hakujua majina ya kitaalamu, ila alikumbuka. "Hicho mwanangu kina maua ya rangi tatu kwa wakati mmoja," aliniambia, akinyoosha mkono kwenye kichaka kisicho na hata ua moja. "Mwenzangu alikuwa anakipenda kuliko vyote." Sikumwelewa mpaka kilipochanua: maua ya zambarau iliyokolea, ya zambarau iliyofifia na meupe, yote kwenye tawi moja. Ni brunfelsia. Ua lake huchanua likiwa zambarau, likafifia siku inayofuata, kisha likawa jeupe. Ni sumu kwa mbwa hasa, kwa hiyo wenye mbwa wawe makini. Kwa hao wazee usiulize "kinaitwaje" peke yake, kwa sababu jina moja la mtaani hubeba mimea mingi. Uliza kinatoa ua la rangi gani, lini, linanukia saa ngapi, nani alikileta. Majibu hayo huwezi kuyapata kwenye simu.

Kulikuwa na kimoja langoni kilichokuwa na matawi manene yaliyopinda, bila jani hata moja, na kila mgeni alitushauri tukitoe kuni. Kabla ya kuamini kwamba kichaka kimekufa, kikwaruze gome kwa ukucha. Chini ya gome la tawi hai ni kijani na kuna unyevu. La lililokufa ni kahawia na limekauka. Chetu kilikuwa kijani, na papo hapo likachomoza tone la maziwa. Kwenye ncha za matawi kulikuwa na makovu ya majani yaliyodondoka, yamepangika kwa kuzunguka. Plumeria. Ulikuwa ukame, na plumeria nyingi hupukutisha majani wakati wa ukame. Mvua iliporudi ikavaa majani upya.

Na kile kisiki cha kando ya ngazi? Kiliota, lakini machipukizi yake yalitoa majani makubwa mno, laini, yasiyofanana na chochote nilichokiona kwenye picha. Nilikifuatilia kwa muda mrefu kwa majina yasiyo yake. Machipukizi ya kisiki mara nyingi hutoa majani yasiyo ya kawaida, makubwa kuliko ya mmea uliokomaa, na hata majani ya kivulini huwa mapana kuliko yale ya juani. Usiutambue mmea kwa majani ya namna hiyo. Ilibidi kusubiri kikomae mpaka kitoe ua: petali tano kubwa nyekundu, na katikati mrija mrefu uliobeba vijinywele vya chavua, na chini ya ua, nje ya kikombe chake, duara la vijani vyembamba. Ni haibiskasi ya kawaida kabisa. Ingetambulika mara moja kama ingeachwa imesimama. Ua lake hudumu siku moja tu, na tulikaa bila hata moja kwa kipindi kirefu kwa sababu ya panga la asubuhi moja.

Vile vilivyonishinda nilivipeleka kwa wenye taaluma. Bustani za mimea, vyuo vikuu vyenye idara ya mimea na hebaria mara nyingi hupokea vielelezo kutoka kwa watu wa kawaida. Hebaria ni ghala la mimea iliyokaushwa; ile ya Kew, London, ina vielelezo takribani milioni 7. Usipeleke jani moja ndani ya mfuko. Kata tawi la urefu wa mkono wa mbele, lenye majani, maua na matunda kama yapo, lilaze kati ya magazeti, weka uzito juu, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke. Geuza jani moja ili upande wa chini uonekane. Andika yale yatakayopotea likikauka: rangi ya ua, harufu, maziwa, kimo cha kichaka. Niliogopa kwamba wangenicheka. Walinipokea vizuri mno, na mmoja wao alinieleza mambo mengi zaidi ya niliyouliza, pamoja na kwamba kwenye bogenvilia yetu zile rangi tunazoziita maua ni vijani vilivyogeuka rangi. Ua halisi ni kimrija cheupe chembamba ndani yake. Mmea huo ulichukua jina la Bougainville, nahodha Mfaransa aliyeizunguka dunia kati ya 1766 na 1769, baada ya mtaalamu wa mimea wa safari yake, Commerson, kuukuta Brazili.

Majina yalipopatikana ndipo tulipoamua. Thevetia tuliing'oa na mizizi, na oleanda pia, kwa sababu ya umri wa mtoto. Mume wangu alitaka duranta nayo iondoke. Tulibishana kidogo, tukaishia kuikata vishada kila inapoanza kuzaa. Lantana tuliitoa, kwa kuwa katika nchi nyingi imeenea na kuziba mimea mingine, na ni sumu kwa ng'ombe na kondoo. Unakata, unafukua kisiki, na bado miche yake huota kwenye udongo uleule kwa muda, lazima urudi kuing'oa ikiwa midogo. Brunfelsia, ixora, murraya, plumeria, haibiskasi na bogenvilia zimebaki pale pale alipozipanda mwenyewe.

Jina lilitusaidia pia kwenye kupogoa, na hapa watu wengi huipoteza misimu bila kujua kwa nini. Haibiskasi na bogenvilia hutoa maua kwenye matawi mapya, kwa hiyo ukizipogoa unazisaidia. Brunfelsia tunaipogoa maua yakishaisha tu, tusije tukakata matawi yaliyokwisha kujiandaa kuchanua. Zamani tungezikata zote siku moja kwa mkasi mmoja.

Kimoja bado hakina jina. Kiko kivulini, pembeni mwa ukuta, majani yake yanakabiliana, ukingo wake hauna meno, hakina maziwa, hakina nukta za mafuta, hakina ile pembetatu ya ukoo wa mbuni, na tawi lake ni la mviringo. Tangu tuhamie hakijatoa ua. Hebaria walisema bila ua wala tunda hawawezi kwenda mbele zaidi ya hapo, nami nimewaelewa. Tumepunguza matawi ya mti unaokifunika ili jua lifike, na ukurasa wake kwenye daftari uko wazi.